Usione Wembamba wa Reli: Maisha ya Beatrice Shilling

Msomaji mpenzi, umewahi kusimama kando ya barabara ukamtazama fundi wa pikipiki akifungua kabureta? Ikiwa hujawahi, tenga dakika kumi siku moja ukajionee. Kwanza hufunga petroli, kisha hulegeza skrubu mbili tatu, na kibakuli kidogo kinatoka kikiwa na mafuta ndani. Katika kibakuli hicho huelea boya, kama mtumbwi ziwani. Halafu fundi huchomoa kijidude cha rangi ya shaba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akakipuliza kwa mdomo, akakiinua kuelekea jua na kukichungulia kwa jicho moja. Kijidude hicho ndicho jeti. Katikati yake kuna tundu jembamba mno, na pikipiki inapokwenda kwa kasi karibu petroli yote inayoingia katika injini hupitia hapo.

Wahenga walinena kwamba usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Leo nimeshika kalamu nikusimulie maisha ya mwanamke aliyeielewa methali hiyo kuliko wengi wetu, ingawa huenda hakuwahi kuisikia. Alikuwa Mwingereza, fundi wa mitambo, mwendeshaji hodari wa pikipiki za mashindano, na mtu aliyewaokoa marubani kwa kipande cha chuma kilichotobolewa tundu. Jina lake ni Beatrice Shilling. Naam, Shilling! Hata hii shilingi yetu tunayonunulia mandazi wakati wa mapumziko ilirithi jina lake kutoka kwa sarafu ya Waingereza. Marafiki zake walimwita Tilly.

Beatrice alizaliwa tarehe 8 Machi 1909 katika mji mdogo wa Waterlooville, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwuza nyama. Haikuwa nyumba ya wahandisi wala ya maprofesa, bali nyumba ya watu wa kawaida wenye duka lao. Tangu utotoni ilionekana kwamba mikono ya mtoto huyu haikutaka kutulia. Pesa alizopewa za matumizi alizitumia kununua vifaa na vyuma vya Meccano, vile vipande vyenye matundu ambavyo watoto huviunganisha kwa skrubu na nati wakaunda magari, madaraja na winchi. Alipokuwa na umri wa miaka 12 aliingia katika shindano la kitaifa la kuunda vitu kwa Meccano, akashinda tuzo.

Alipofika miaka 14 alijinunulia pikipiki. Tafadhali soma tena sentensi hiyo. Ilikuwa mwaka wa 1923, miaka michache tu baada ya baadhi ya wanawake wa Uingereza kupewa haki ya kupiga kura, na huyu msichana mdogo anapanda pikipiki yake iliyotumika ya aina ya Royal Enfield! Tena hakuridhika na kuipanda tu. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga tena, na akiisha kuifunga anaiwasha asikie kama inanguruma vizuri zaidi ya jana. Wenzake walipokuwa wakifikiria kufuma na kushona, yeye alikuwa na mafuta meusi chini ya kucha. Hapo ndipo alipokata shauri kwamba atakuwa mhandisi.

Kukata shauri ni jambo moja, na kupata mlango wa kuingilia ni jambo jingine. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, wanawake wengi wa Uingereza waliitwa viwandani kwa sababu wanaume walikuwa vitani. Vita vilipokwisha wakaambiwa ahsanteni, rudini jikoni. Baadhi yao walikataa kurudi kimya kimya, na mwaka wa 1919 wakaunda Chama cha Wanawake Wahandisi. Mmoja wa wanawake wa chama hicho alikuwa Margaret Partridge, mhandisi wa umeme aliyekuwa na biashara yake ya kuweka nyaya na mitambo ya umeme vijijini. Alikuwa akitafuta vijana wa kike wa kufunza kazi. Beatrice alipomaliza shule alikwenda kwake, akafanya kazi ya kuvuta nyaya na kufunga mitambo kwa miaka mitatu. Ni huyo Bi. Partridge aliyemhimiza asikomee hapo, aende chuo kikuu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Beatrice aliposifiwa alizidi kutia bidii.

Basi akaingia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka wa 1929 kusomea uhandisi wa umeme. Katika darasa lililojaa wanaume, wasichana waliosomea uhandisi walikuwa wawili tu. Akahitimu shahada yake mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata akapata shahada ya pili, safari hii katika uhandisi wa mitambo. Kisha akapata kazi ya usaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ambako walikuwa wakichunguza injini za silinda moja zinazosukumiwa hewa kwa nguvu na kifaa kiitwacho supachaja. Kazi yake ikawa kupima: injini inakula hewa kiasi gani, inakunywa mafuta kiasi gani, inapata joto kiasi gani. Usisahau jambo hilo la kupima, maana tutalirudia.

Nyakati hizo pikipiki haikumtoka moyoni. Alikuwa na Norton ya mashindano, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 490, na aliipeleka katika uwanja wa Brooklands. Brooklands ilikuwa njia ya saruji iliyojengwa mwaka wa 1907 katika jimbo la Surrey, yenye mzunguko wa zaidi ya kilomita nne, na kona zake ziliinuliwa kama ukuta wa bakuli ili magari yapite bila kupunguza mwendo. Saruji yenyewe ilikuwa na mabonde na mawimbi, kiasi kwamba pikipiki ikienda kasi iliruka hewani. Huko ndiko wanaume wenye majina makubwa walikojaribu mashine zao, na huko ndiko Tilly alikowapita baadhi yao wakabaki wakila vumbi lake.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini ushindi wake haukutokana na ujasiri pekee. Injini haili petroli tupu. Hula mchanganyiko wa petroli na hewa, takriban kilo 15 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na inapotakiwa kutoa nguvu zake zote huhitaji petroli iongezwe kidogo. Kabureta ndiyo mpishi anayechanganya. Hewa hupita kwa kasi katika koo lake, na hapo penye wembamba shinikizo lake hupungua. Petroli iliyo katika kibakuli husukumwa juu kupitia jeti, ikamwagika hewani kama ukungu. Tundu la jeti likiwa pana mno, petroli inazidi: moshi mweusi unatoka, plagi inajaa masizi, injini inakohoa na kuzimika. Likiwa jembamba mno, petroli inapungua: injini inapata joto la kupita kiasi, plagi inakuwa nyeupe kama mfupa, na hata pistoni inaweza kutoboka. Kumbuka pia hesabu ya duara uliyofunzwa darasani. Ukizidisha upana wa tundu mara mbili, eneo lake linakuwa mara nne. Kwa hivyo kosa la unywele mmoja katika jeti si kosa dogo.

Tena jeti iliyofaa jana huenda isifae leo. Hili sisi Wakenya tunaweza kulielewa vizuri. Ukichukua pikipiki ya zamani iliyorekebishwa vyema Mombasa, karibu na bahari, ukaipandisha mpaka Eldoret, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, utaiona imekuwa mvivu na inatoa moshi. Haijalogwa! Hewa ya Eldoret ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano, ilhali jeti inaendelea kumimina mafuta kana kwamba bado iko pwani. Fundi mjuzi hutoa ile jeti akaweka yenye tundu dogo zaidi, na pikipiki inapata uhai tena. Mwendeshaji wa mashindano naye anafanya hivyo hivyo asubuhi ya mbio: anatazama hali ya hewa, anazunguka mara moja, anazima injini ghafla, anafungua plagi na kuisoma rangi yake kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, kisha anaamua kama atabadilisha jeti au ataiacha. Beatrice alijifanyia kazi hizo mwenyewe. Aliirekebisha Norton yake kwa mikono yake, na baadaye akaifungia hata supachaja.

Mwaka wa 1934 alizunguka Brooklands kwa mwendo wa zaidi ya maili 100, yaani zaidi ya kilomita 160, kwa saa. Kwa tendo hilo alipewa Nyota ya Dhahabu, beji ndogo waliyopewa wale tu waliofikia mwendo huo katika mashindano ya pikipiki. Kabla uwanja huo haujafungwa mwaka wa 1939, wanawake waliowahi kuipata beji hiyo kwa pikipiki walikuwa watatu tu: Florence Blenkiron, Beatrice Shilling na Theresa Wallach. Wale wenzake wawili nao hawakuwa watu wa mchezo, kwani mnamo 1934 na 1935 walisafiri kwa pikipiki kutoka London hadi Cape Town, wakaivuka Sahara yote na kuyapita matope ya Afrika ya kati.

Beatrice aliolewa mwaka wa 1938 na George Naylor, mtaalamu wa hisabati waliyekuwa wakifanya kazi naye. Inasimuliwa kwamba alikataa kuolewa mpaka bwana huyo naye azunguke Brooklands kwa zaidi ya maili 100 kwa saa na kupata Nyota ya Dhahabu yake. Wengine huwatoza wachumba ng'ombe na mbuzi. Tilly, ati, alitoza mwendo!

Lakini nimeruka mbele. Turudi nyuma kidogo, mwaka wa 1936. Katika mwaka huo Beatrice aliajiriwa na serikali katika kituo cha utafiti wa ndege huko Farnborough, kilichojulikana kwa kifupi kama RAE. Unadhani walimpa injini? La hasha. Walimpa kalamu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika vitabu vya maelezo ya injini ambazo wengine walizifanyia utafiti. Alichoshwa na kazi hiyo, akazidi kudai apelekwe kwenye mitambo, na mwishowe akahamishiwa idara ya injini, upande wa kabureta. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mnamo 1939 yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kazi za utafiti wa kabureta. Hapo sasa yule msichana wa Royal Enfield alikuwa amefika mahali pake hasa.

Katika majira ya joto ya mwaka wa 1940 vita vilifika juu ya paa za nyumba za Waingereza. Kuanzia Julai hadi Oktoba ndege za Ujerumani zilikuja siku baada ya siku, na ndege ndogo za kivita za Uingereza, Hurricane na Spitfire, zikapaa kwenda kuzizuia. Ndege hizo mbili zilitumia injini moja, Rolls-Royce Merlin, yenye silinda 12, ujazo wa lita 27 na nguvu za farasi zaidi ya 1,000. Ilikuwa injini ya kusifika. Hata hivyo ilikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ulijitokeza wakati mbaya kuliko wote.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Rubani wa Kijerumani katika ndege ya Messerschmitt akiona anafuatwa, aliisukuma pua ya ndege yake chini ghafla na kupiga mbizi. Injini yake haikuwa na kabureta. Mafuta yalisukumwa na pampu moja kwa moja hadi ndani ya silinda, kwa hivyo haikujali kama ndege imeinama au imepinduka. Mwingereza naye akisukuma pua chini amfuate, injini ilikohoa, ikakosa nguvu kwa sekunde moja hivi, ikanguruma kidogo, kisha ikamwaga moshi mweusi na kufifia tena, pengine ikazimika kabisa. Hadi ipate fahamu, adui ametoweka. Na ikiwa Mwingereza ndiye aliyekuwa akifukuzwa, hesabu hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu angani sekunde mbili ni maisha ya mtu. Marubani walijifunza hila ya kuigeuza ndege tumbo juu kwanza ndipo wapige mbizi, lakini hila hiyo nayo ilikula wakati. Walikuwa vijana, wengi wao wa miaka ishirini hivi, si wakubwa sana kuliko kaka zetu waliomaliza Kidato cha Nne juzi.

Hebu sasa kumbuka kile kibakuli chenye boya. Kabureta ya Merlin ilikuwa na kibakuli na boya kama ya pikipiki, ila kubwa zaidi. Boya likipanda, sindano huziba mlango wa mafuta. Likishuka, mlango hufunguka. Je, umewahi kuwa ndani ya matatu inayopita tuta kwa kasi ukahisi tumbo linapanda? Ndege ikiinamishwa ghafla, kila kitu ndani yake hupata hali hiyo. Petroli katika kibakuli iliruka juu na kuyaacha matundu ya jeti yaliyokuwa chini. Huo ndio ule ukosefu wa kwanza, njaa ya sekunde moja. Halafu, kwa kuwa petroli sasa imejikusanya juu, boya nalo lilisukumwa chini, likaufungua mlango wa mafuta wazi kabisa. Pampu, ambayo ina uwezo wa kuleta mafuta mengi kuliko injini inavyoweza kunywa, ilimimina bila kizuizi. Injini ikafurika. Kwanza njaa, kisha kuvimbiwa; na katika hayo mawili, kuvimbiwa ndiko kulikoua injini.

Wakubwa walijua kwamba dawa kamili ni kabureta ya aina nyingine. Lakini kuunda kabureta mpya, kuijaribu, kuitengeneza kwa maelfu na kuifunga kungechukua muda mrefu, na adui hangengojea. Beatrice alilitazama jambo kwa jicho la fundi wa Brooklands. Hakuuliza tubadilishe nini, aliuliza injini hii ikitumia nguvu zake zote inakunywa mafuta kiasi gani kwa dakika moja. Jibu lilipatikana kwa kupima. Basi kama kiasi kinajulikana, kwa nini pampu iruhusiwe kuleta zaidi ya hapo? Akabuni kizibo kidogo cha chuma chenye tundu katikati, cha kufungwa kwenye mrija wa mafuta kabla haujafika kwenye kabureta. Upana wa tundu hilo ulipimwa upitishe mafuta yanayotosha injini katika nguvu zake za mwisho, na ziada kidogo tu. Hivyo hata boya lishuke na mlango ubaki wazi, mafuriko hayawezi kutokea, kwa kuwa mto wenyewe umefinywa huko juu. Mwanzoni kizibo kilikuwa na umbo la kikombe mfano wa tondoo ya mshonaji. Baadaye kikawa kisahani bapa kama washa. Kwa ufupi, ilikuwa ni jeti! Jambo alilokuwa akilifanya kwenye Norton yake kila wikendi alilifanya sasa kwa ajili ya jeshi zima la anga.

Uzuri mwingine wa kifaa hicho ulikuwa kwamba ndege haikuhitaji kupelekwa kiwandani. Ilifungiwa pale pale uwanjani ikingojea kuruka. Mwanzoni mwa 1941 Beatrice na kikundi chake kidogo walianza kuzunguka viwanja vya ndege za kivita, wakianza na vile vilivyokuwa karibu zaidi na mapambano, wakionyesha mafundi namna ya kukifunga. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa akifika kwenye viwanja hivyo juu ya ile Norton yake ya mashindano. Hebu fikiria makanika wa jeshi wanasikia mngurumo langoni, wanageuka, na anayeteremka ni mwanamke, amekuja kuwafunza kazi. Kufikia Machi 1941 ndege za kivita za kikosi kizima cha ulinzi wa anga zilikuwa zimefungiwa kizibo hicho. Marubani, kwa ule utani wa wanajeshi, walikibandika jina la tundu la Miss Shilling, jina lenye mzaha ndani yake. Hata hivyo walilitamka kwa upendo, maana walijua wanadaiwa nini.

Sitaki nikudanganye, msomaji, kwamba tundu lile lilishinda vita. Lilifika baada ya mapambano makali ya 1940 kwisha, na vijana wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wala halikutibu ugonjwa wote. Ile njaa fupi ya mwanzo ilibaki, na ndege haikuweza kuruka kichwa chini kwa muda mrefu. Dawa kamili ilipatikana zilipokuja kabureta za shinikizo zisizotegemea boya, mnamo 1943. Lakini katika miaka hiyo miwili ya kungojea, rubani aliyesukuma pua ya ndege yake chini alijua kwamba injini itaendelea kumtumikia. Waliorudi nyumbani kwa sababu hiyo hawawezi kuhesabika, kwa vile hakuna daftari linaloandika ajali ambayo haikutokea.

Naye Beatrice alikuwa na mtu wake huko angani. George, mumewe, alijiunga na jeshi la anga akawa rubani wa ndege kubwa za mabomu. Vita vilipokwisha wote wawili walikuwa hai.

Baada ya vita alitunukiwa nishani ya OBE kwa kazi yake. Aliendelea Farnborough mpaka alipostaafu mwaka wa 1969, na alichunguza mambo mengi, yakiwemo ya roketi na jinsi magurudumu ya ndege yanavyoteleza kwenye njia iliyolowa maji ya mvua. Jambo hilo la mwisho linawahusu wote waliowahi kutua katika uwanja wa ndege siku ya mvua. Hata hivyo cheo cha juu kabisa katika kituo hicho hakuwahi kukipata. Chuo Kikuu cha Surrey kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Nyumbani, yeye na George walihama kutoka pikipiki wakaingia katika mbio za magari, wakishinda na kushindwa kwa miaka kadhaa, huku sehemu za injini zikiwa zimetapakaa kila mahali. Aliaga dunia mwezi wa Novemba 1990, akiwa na umri wa miaka 81.

Leo pikipiki mpya nyingi hazina kabureta. Kompyuta ndogo hupima hewa na kuamua ni mafuta kiasi gani yapulizwe. Lakini pikipiki za zamani bado zipo, na fundi wa kando ya barabara bado anainua jeti kuelekea jua. Ukimwona, usimpite kwa dharau. Anachotafuta kwa jicho lile moja ni kitu kile kile alichokitafuta Beatrice: kipimo. Tundu lake halikuwa na ajabu kwa sababu ya udogo. Mtu yeyote anaweza kutoboa chuma. Ajabu ni kwamba alijua hasa liwe na upana gani, na alijua kwa sababu tangu miaka 14 alikuwa akifungua, akipima na kufunga tena.

Nawe dada unayesoma kurasa hizi, wakati wa kuchagua masomo ukifika, utasikia minong'ono kwamba Fizikia ni ya wavulana, kwamba karakana itakuchafua, kwamba mikono ya msichana haikuumbiwa spana. Minong'ono hiyo Beatrice aliisikia kabla yako, na kwa sauti kubwa zaidi. Lau angeisikiliza, kuna vijana waliopiga mbizi mawinguni ambao hawangerudi. Na wewe kaka unayenong'ona, jiulize: siku pikipiki yako itakapokuzimikia katikati ya msitu jua likitua, je, utamtaka fundi mwanamume, au utamtaka fundi anayejua?